Kabla hujanunua plagini ya dramu, angalia kwanza unapiga muziki gani

Swali ninaloulizwa sana na madogo wanaoanza kutengeneza muziki nyumbani ni hili, kaka nichukue plagini gani ya dramu, yani ile programu ndogo inayofunguka ndani ya programu ya kutengenezea muziki, na ukimgeuzia ukamuuliza wewe unapiga muziki gani anakwambia bongo fleva, amapiano kidogo, singeli akija mteja, alafu hapohapo anakwambia kuna video ameona jamaa anaisifia Superior Drummer 3 na yeye ameshaanza kudunduliza hela. Hapo ndo huwa namwambia subiri kwanza. Sio kwamba ile programu ni mbaya, ni nzuri mno, ila imetengenezwa kumaliza shida ambayo yeye hana.

Ukiondoa mbwembwe za matangazo, hizi programu ziko za namna mbili. Kuna zile zinazokuja na dramu zake ndani, yani mtu amekaa studio kubwa akapiga seti nzima, kiki, sneya, tomu, haihati, matoazi, kila kimoja kikapigwa polepole, kwa kati, kwa nguvu, mara nyingi, maiki zingine zikiwa karibu na zingine mbali, alafu wewe kazi yako ni kuchagua seti na kuandika midi, yani maelekezo ya kipi kipigwe, lini na kwa nguvu gani. Humo ndo wamo EZdrummer na Superior Drummer za Toontrack ya Sweden, Addictive Drums 2 ya XLN Audio ambao nao ni wa Sweden hukohuko, Steven Slate Drums, na kwa upande wa bure kuna MT Power Drum Kit. Namna ya pili ni sampla, hii inakupa padi, yani viboksi vya kugonga, na nobu za kuzungusha za kurekebishia, sauti unaleta mwenyewe, unaburuta faili lako la sauti la WAV unaliangusha kwenye padi basi. FPC iliyomo ndani ya FL Studio ni sampla, Drum Rack ya Ableton ni sampla (FL Studio na Ableton ni programu za kutengenezea muziki), Battery 4 ya Native Instruments, Sitala, MPC Beats ya Akai ambayo wanaitoa bure, zote ziko upande huu.

Kwahiyo kabla ya bei, kabla ya kuangalia nani anatumia nini, jiulize unachotafuta ni mpiga dramu au ni sauti.

Kama unarekodi kwaya, gospo ya bendi, dansi, rege, roki, wewe unatafuta mpiga dramu. Msikilizaji wako anatarajia kusikia mtu amekaa kwenye kiti anapiga, sneya ya kwanza na ya pili zisifanane kabisa, haihati ifunguke kidogokidogo, fili zipumue. Hapo zile za Sweden utazipenda. EZdrummer 3 ilitoka 2022, sauti zake zimerekodiwa Hansa Studios Berlin, na ina kitu wanakiita Bandmate, unaitupia gitaa au kinanda ulichorekodi inakutafutia midundo inayoendana nacho, kwa mtu anayepiga kinanda kanisani na hajui kabisa kuandika dramu huo ni msaada wa kweli sio wa matangazo. Addictive Drums 2 naipenda kwasababu ni nyepesi, laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8 inaibeba vizuri, na sauti zake zinatoka zimeshachongwa tayari kwa miksi. Kama huna hela kabisa anza na MT Power Drum Kit, ni seti moja tu na ina tabia ya roki, lakini nimeshasikia nyimbo za kwaya zimepigwa nayo na hakuna muumini yoyote aliyeuliza dramu zimetoka wapi.

Ila kuna jambo ambalo wauzaji hawaliweki mbele. EZdrummer na Addictive Drums hazimruhusu mtu kuingiza sampo zake mwenyewe, yani vipande vya sauti alivyorekodi au kuvipata kwingine. Umenunua sauti zao, unabaki na sauti zao, ukitaka zaidi unanunua paki nyingine kutoka kwao. Superior Drummer 3 ndo inaruhusu, na ina kitu kizuri sana kinaitwa Tracker, unaweka dramu zilizorekodiwa yenyewe inazigeuza midi, ila sasa hiyo Superior maktaba yake ya sauti ni kama GB 230. Imerekodiwa Galaxy Studios Ubelgiji na George Massenburg, mtu mzito kwenye mambo ya kurekodi, na ukiisikiliza unaelewa hela ilikoenda. Lakini GB 230 kwa mtu anayeishi kwa bando la simu hebu fikiria mwenyewe. Unaweza kuingiza vipande tu sio lazima yote, bado ni mzigo.

Nieleze kidogo kwanini zinakuwa kubwa hivyo maana ukielewa hapa hutotishwa tena na namba. Sekunde moja ya sauti kutoka maiki moja, kwa 44.1 kHz na bit 24, inakula kama KB 132. Kitu kidogo tu. Sasa chukua sneya moja, ipige kwa viwango 10 vya nguvu, kila kiwango mara 5 ili zisifanane, tayari faili 50, weka maiki 8 zimefika 400, kila moja ukiiacha sekunde 3 mpaka mlio uishe unapata karibu MB 160 kwa chombo kimoja. Zidisha kwa kiki, tomu, matoazi, alafu seti kadhaa, alafu vijiti na brashi, ndo GB zinajaa hivyo. Maana yake ukubwa wa maktaba unapima idadi ya maiki na marudio, haupimi uzuri wa kiki. Kiki yako ya amapiano ambayo ni faili moja la nusu sekunde ina KB zisizofika 150 na inaweza kutingisha ukumbi mzima.

Hata historia yenyewe iko hivyo. Mashine ya kwanza ya dramu iliyotumia sampo za dramu za kweli ni LM-1 ya Roger Linn, Marekani, mwaka 1980. Memori ilikuwa ghali kiasi kwamba hakuweka matoazi makubwa kabisa, yale ya kupasua na yale ya kuendeshea, kwasababu mlio wake ni mrefu na ungekula nafasi yote. Akabaki na vitu vifupi, kiki, sneya, haihati, klapu, na watu wakatengeneza nyimbo kubwa za miaka ile kwa hivyohivyo. 1988 akafanya na kampuni ya Akai ile mashine ya MPC60, sampo za bit 12, padi 16, na mpaka leo sampla nyingi unazofungua kwenye kompyuta zina padi 16 nne kwa nne, zimerithi kule.

Turudi kwetu. Kama unapiga bongo fleva ya sasa, amapiano, singeli, wewe unatafuta sauti sio mpiga dramu, na sampla ndo kitu chako. Na nasema hivi kwa sababu za kiufundi kabisa sio za hela tu.

Chukua singeli. Tempo ya 240 BPM, yani mapigo 240 kwa dakika, ni kawaida na kuna wanaokwenda mpaka 300. Kwenye 240 pigo moja kubwa lina milisekunde 250, ukiligawa mara nne kila hatua ina milisekunde 62 na nusu. Sasa ile kiki nzuri ya studio ya Ulaya yenye mkia (mlio unaobaki baada ya pigo) wa milisekunde 600 inalia mpaka inafunika hatua tisa zinazofuata, unapiga ya pili ya kwanza bado inalia, ya tatu, ya nne, chini kunakuwa uji mtupu na spika inashindwa kutoa kiki hata moja iliyo wazi. Ndo maana wana wa singeli wa Manzese na Tandale, Dar es Salaam, kiki zao ni fupi kama kitu kimekatwa kwa wembe. Kwenye singeli unachohitaji kwenye programu ni nobu ya kukata mkia pale kwenye padi, pamoja na uwezo wa kusema padi hii ikilia upya ile ya mwanzo inyamaze. Kwenye FL Studio kila chaneli ina sehemu ya Cut na Cut by, weka namba ileile kote kiki inajikata yenyewe, miksi inasafishika papo hapo bila hata kugusa EQ, ile ya kurekebisha besi na sauti za juu. Sitala nayo ni rahisi mno kwa kazi hii, kila padi ina nobu chache tu, mojawapo ni ya kuchonga umbo la sauti, unazungusha upande mmoja mkia unafupika. Toleo lake la kwanza ni la bure na ni jepesi hata kompyuta iliyochoka inaiendesha.

Amapiano nayo ina jambo lake. Watu wanazunguka mtandaoni kutafuta paki za log drum, ule mlio wa besi wa amapiano, wengine wananunua, wakati ule mlio chimbuko lake ni Fruity DX10, sinthesaiza ndogo iliyomo ndani ya FL Studio miaka yote, ni sauti inayotengenezwa sio iliyorekodiwa. Tofauti utaisikia ukianza kupiga melodi ya besi. Sampo ya noti moja ukiivuta juu kwa kawaida inacheza haraka zaidi kwahiyo inafupika, ukiishusha chini inarefuka na inakuwa nzito ya ajabu, ndo unakuta log drum ya mtu noti za juu zinasikika kama kijiti na za chini zinaburuta. Kwenye DX10 kila noti inabaki na umbo lake. Sampo za log drum tumia kwa mapigo ya kukazia, ila mstari wenyewe wa besi uandike kwenye sinthesaiza kama tayari una FL, na kama una programu nyingine tafuta sinthesaiza yoyote ya FM (aina ileile ya DX10), nyingi ziko za bure.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kiukweli ndo linaniuma zaidi na ndo limenifanya niandike. Ngoma zetu hazimo kwenye hizi programu. Ukifungua maktaba zinazoitwa za Afrika unakuta ngoma ya djembe, kora, balafoni, mfano ile West Africa ya Native Instruments, ni kazi nzuri na imerekodiwa kwa heshima, lakini ni ya Afrika Magharibi kama jina lake linavyosema. Ukitaka ngoma kama msondo, chapuo, kinganga, vumi, ukitaka mdundiko wa Kizaramo uchanganye na biti ya sasa, au chakacha ya pwani, unaishia kuweka djembe mahali pa chapuo na mtu aliyekulia Bagamoyo au Kisarawe anasikia palepale kwamba hii siyo. Mlio wa chapuo ni mkavu na mkali zaidi, unakaa juu ya msondo bila kugombana nao. Djembe inachukua nafasi zote mbili.

Kwahiyo tunarekodi wenyewe, na hapa ndo utajua sampla ipi inakufaa na ipi haikufai.

Watu wa kupiga wapo. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA, na mtaani kuna vikundi vya ngoma vinavyocheza kwenye harusi na mikole kila wikendi. Nenda kwa adabu, ongea na mzee wa kikundi, mwambie unataka kurekodi pigo moja moja na utayatumia kwenye nyimbo, lipa, na mkubaliane mapema kama utakuja kuuza hizo sampo kama paki au ni za nyimbo zako tu. Hilo la mwisho wengi wanaliruka na ndo linakuja kuleta ugomvi.

Kwenye kurekodi jambo kubwa ni moto. Ngoma ya ngozi inakangwa kwenye moto au juani ikaze, ikishakaa inaanza kulegea tena, na pwani huku kwa unyevu huu inalegea haraka. Ukirekodi mapigo ya taratibu kwanza, mkapiga soga, mkanywa chai, alafu ndo mkaja kwenye mapigo ya nguvu, ngoma imeshashuka sauti, na ukija kuzipanga kwenye sampla utasikia kila ukipiga kwa nguvu chombo kinabadilika kama ni ngoma nyingine. Kwahiyo ikitoka tu motoni rekodi pigo la aina moja kwa viwango vyote vya nguvu, taratibu, kati, kubwa, kila kiwango mara tatu au nne, alafu ndo uhamie aina nyingine, ikishuka irudi motoni. Muombe mpigaji akupe pigo la wazi, pigo la kufunika ambapo kiganja kinabaki kwenye ngozi, kofi, na pigo la ukingoni. Na kila pigo mliache lilie mpaka kimya kabisa, usiongee juu yake. Maiki kama huna tumia simu, ila usitumie kinasa sauti cha kawaida kinachosevu M4A, tafuta kinachosevu WAV, na iweke simu kama mita moja hivi isipokee upepo wa ngoma moja kwa moja. Usiku ni bora, bodaboda zimepungua.

Ukishakata faili zako unaziweka wapi? FPC inatosha kwa kuanzia, ina padi 32 kwenye kurasa mbili na kila padi inakubali tabaka kadhaa, unaiambia faili hili lilie nikipiga kwa nguvu 1 mpaka 50, hili 51 mpaka 95, hili 96 mpaka 127. Kidole kikiwa laini ngoma inalia laini, na sio ileile ya nguvu iliyopunguzwa sauti. Hiyo peke yake inabadilisha kila kitu, kwasababu ngoma ikipigwa kwa nguvu haiongezeki sauti tu, inabadilika rangi.

Lakini mimi kwa ngoma zetu naipenda njia nyingine ambayo ni bure kabisa na haina ugumu inavyoonekana. Kuna plagini inaitwa sforzando ya Plogue, inasoma faili la maandishi la SFZ, faili ambalo unaliandika kwenye Notepad hiihii ya kawaida. Kila sampo unaipa mstari wake, unaanza na neno region ndani ya mabano ya pembe alafu unaandika hivi:

sample=chapuo_wazi_1.wav key=38 lovel=1 hivel=60 seq_length=3 seq_position=1

Key ni noti gani ya kinanda iite hiyo sauti, lovel na hivel ni nguvu kuanzia ngapi mpaka ngapi, na zile mbili za mwisho zinasema kuna sampo tatu za kupokezana na hii ni ya kwanza. Mstari wa pili unaweka chapuo_wazi_2.wav na seq_position=2, wa tatu vilevile. Ukishamaliza, ukigonga noti ileile mara tatu unapata mapigo matatu tofauti ya kweli yanazunguka. Hapo ndo inapona ile hali ya midundo ya haraka kusikika kama bunduki, kila pigo nakala ya lililopita, sikio linaligundua mara moja hata kama msikilizaji hajui aseme nini. Alafu unaongeza group=1 off_by=2 kwenye pigo la wazi, na group=2 kwenye pigo la kufunika, basi kiganja kikitua kwenye ngozi mlio wa wazi unakatika, kama mkono wa mzee unavyofanya. Ni jambo dogo na bila hilo chapuo haliongei.

Kwa chakacha na ngoma nyingi za pwani angalia pia ile gridi ya hatua. Channel Rack ya FL, pale unapopangia mapigo, inafunguka na hatua 16, imekaa kwa ajili ya nne kwa nne, na chakacha inatembea kwa sita kwa nane. Ukilazimisha kwenye 16 utapata kitu kinachofanana na chakacha ila kinachechemea. Badilisha patani iwe hatua 12 utaona kila kitu kinakaa mahali pake, au achana na gridi kabisa upige kwa mkono kwenye padi na usiyanyooshe mapigo kwenye gridi kwa asilimia 100. Programu ambayo hairuhusi kubadili idadi ya hatua kwa urahisi mimi siichukui hata wakinipa bure, kwa muziki wa huku inakufunga miguu.

Na ukipiga kwa mkono utakutana na shida ya kuchelewa, unagonga padi sauti inakuja baadae kidogo, wengi wanadhani plagini ni mbovu. Sio plagini. Kwenye Windows weka driva ya ASIO, ile ya kupunguza huko kuchelewa, FL inakuja na yake na kuna ASIO4ALL ya bure, alafu shusha bafa, yani akiba ya sauti ambayo kompyuta inaiandaa kabla ya kuitoa. Kwenye 44.1 kHz bafa ya 1024 ni milisekunde 23, 512 ni kama 12, 256 ni kama 6. Wakati wa kupiga shusha mpaka 256 kama kompyuta inavumilia, wakati wa kumiksi pandisha tena ipumue.

Mambo mengine nitayapita haraka. Angalia kama programu inaweza kutoa kila padi kwenye chaneli yake ya mikseri, maana kiki na haihati huwezi kuzipiga kompresa moja, ile ya kubana sauti. Angalia uanzishaji wake wa leseni, kama inataka intaneti kila baada ya muda na wewe uko sehemu mtandao unakatika, itakukwamisha siku mteja yupo ndani. Angalia inasema inataka RAM ngapi na uiongezee maana utakuwa na sauti nyingine pia kwenye projekti. Na jaribu kabla hujalipa, nyingi zina toleo la majaribio, Steven Slate wana SSD5 ya bure yenye seti chache, FL yenyewe ya majaribio inakupa karibu kila kitu isipokuwa projekti ukishaisevu huwezi kuifungua tena mpaka ununue.

Kuhusu kraki, yani programu za kulipia zilizovunjwa leseni zitumike bure, nitasema wazi. Najua hali ilivyo na najua bei zikigeuzwa shilingi zinavyotisha, lakini mtu anayetaka wimbo wake ulipiwe hawezi kuanza kwa kumnyima mtu mwingine malipo yake, na zaidi ya hapo mafaili yale yanakuja na virusi, kuna projekti za wateja zimepotea mtaani kwetu kwa namna hiyo na mwenye studio hakuwa na la kumwambia msanii. Siku hizi kulipa sio shida kama zamani, kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa inafanya kazi, na FL Studio ukinunua mara moja apdeti ni bure maisha yote. Na kati ya Sitala, sforzando, MPC Beats na MT Power una studio ya dramu iliyokamilika bila kutoa hata senti.

Splice na sehemu zingine za kukodi sampo kwa mwezi nazitumia kwa kiki na klapu, maana ukishadaunlodi zinabaki zako hata ukiacha kulipia. Ila lupu za melodi humo kuwa makini, watu wengi duniani wana lupu hiyohiyo, ukiisajili kwenye mfumo wa kutambua nyimbo YouTube unaweza kukuta madai yanagongana na mtu wa Brazil ambaye hamjawahi kuonana. Pigo moja la kiki halina shida hiyo. Na kama folda lako la sampo limeshakuwa msitu hujui kiki ipi iko wapi, kuna XO ya XLN Audio, ilitoka 2019, inasikiliza sampo zako zote na kuzipanga kwenye ramani ya vidoti, zinazofanana zinakaa jirani. Hiyo ni programu ya kulipia ambayo ningemshauri hata mtu wa singeli ainunue, kwasababu inafanya kazi na sauti zako wewe.

Kwa mwenye bajeti ndogo anayeniuliza aanzie wapi kutoa hela, SSD kwanza, sio ile plagini ya Slate, namaanisha diski ya kasi ya kompyuta isiyozunguka. Sampo zinasomwa kutoka kwenye diski wakati unapiga, ile diski ya zamani inayozunguka ndo inafanya sauti zikatekate na mtu analaumu plagini. SSD ya nje ya USB 3 inatosha, hamishia folda lote la sampo huko. Alafu hedifoni za kusikilizia zinazosema ukweli chini kwenye besi. Baada ya hapo nauli ya kwenda Bagamoyo na bahasha ya wapigaji, na plagini ya kulipia ije ya nne, wakati huo utakuwa umeshajua ni ipi.